Upanga Unaomfuata Tabia

Asubuhi Bi Zeyana hapigi simu kuuliza Tabia amefika wapi. Huketi ukumbini, ghorofa ya pili ya nyumba yao ya Kiponda, akautazama upanga. Upanga unaning'inia kwa kamba kwenye kulabu ya darini, na ncha yake huelekea pale alipo Tabia. Akiwa bado kwake Jang'ombe, ncha hulitazama dirisha la kusini na kutulia. Akishatoka, huanza kusogea taratibu. Ikifika usawa wa kabati la vyombo, Tabia yuko Darajani anatafuta samaki, na Bi Zeyana hujua kwamba ana muda wa kumaliza uradi wake. Kisha ncha huinama kuelekea sakafuni, maana Tabia keshaingia mlango wa chini, na hunyanyuka kidogo kidogo kadiri anavyopanda ngazi. Akisimama mlangoni mwa ukumbi na kapu lake, upanga humwelekea kifuani.

"Shikamoo, Bi Zeyana."

"Marahaba. Leo umekawia Darajani."

"Samaki walikuwa hawajafika."

Zamani upanga ulikuwa umepigiliwa ukutani kwa misumari. Misumari ikang'oka, ikapigiliwa mingine mirefu zaidi, nayo ikang'oka pamoja na chokaa ya ukuta. Mama yake Bi Zeyana, aliyekuwa hawapendi mafundi kuingia ndani na viatu vyao, ndiye aliyeamua utundikwe kwa kamba uelekee unakotaka. Akaamuru pia ncha yake ichomekwe ndimu, usije ukamtoa mtu jicho. Ndimu hubadilishwa kila Ijumaa. Ala ya upanga imetundikwa pembeni peke yake, nayo haina habari na mtu.

Wakati huo upanga ulikuwa ukimfuata bibi yake Tabia, na baada yake mama yake, ambao wote walifanya kazi katika nyumba ile. Mama yake alipozikwa, upanga ulibaki ukitazama makaburini mpaka khitma ikamalizika. Baada ya hapo ukageuka na kumtazama Tabia, mtoto pekee, akiwa bado mdogo, na hapo ndipo ulipo mpaka leo.

Wageni wakiuliza, huambiwa ni upanga wa Sheikh Mudrik, babu yake Bi Zeyana, ofisa katika jeshi la Sultani, ambaye siku ya fujo alisimama peke yake mlangoni mwa ghala la baruti na kuwazuia waliotaka kulipora. Picha yake ipo hapo hapo chini ya ala: mtu wa uso mpana, kilemba, joho, saa kubwa ya ukutani nyuma yake, na upanga ubavuni kushoto. Wageni wakiuliza kwa nini upanga wa Sheikh Mudrik unamtazama mtumishi, huambiwa ndiyo desturi ya upanga huo, na huletewa kahawa.

Mwaka huu alikuja Ummukulthum, mwanamke kijana anayetayarisha maonyesho ya vitu vya kale katika nyumba moja iliyokarabatiwa Shangani. Aliuomba upanga. Alisema chumba kizima kitaitwa kwa jina la Sheikh Mudrik, ila kwanza lazima mtaalamu athibitishe kwa maandishi kwamba upanga ni wa kweli na kwamba ni wake. Bi Zeyana alifurahi mpaka akasahau kumkaribisha mgeni halua. Wanawe wako Maskati na hawarudi, dari inavuja, na jina la babu yake hakuna anayelitaja tena ila yeye. Ummukulthum alipoondoka tu, akampigia simu Haroub.

Haroub anasomesha historia chuoni Tunguu na ana sifa ya kutambua silaha za kale. Pia ni mtoto wa Bi Zeyana wa kunyonya. Mama yake mzazi aliugua baada ya kujifungua, na Bi Zeyana, ambaye wakati ule alikuwa na mtoto mchanga, alimchukua akamnyonyesha mpaka akaachishwa ziwa. Kwa hivyo ni mama yake mbele ya sheria na mbele ya watu. Kumkatalia jambo mama huyo ni kitu ambacho Haroub hakuwahi kukijaribu hata kwa mzaha.

Alikuja baada ya sala ya alasiri, na mkoba wake wa vifaa. Akapiga shikamoo, akabusu mkono, akaulizwa kwa nini amekonda, akajibu. Kisha akapanda kiti, akaufungua upanga kutoka kwenye kamba, na kuulaza mezani juu ya blanketi. Upanga haukukubali kulala. Tabia alikuwa jikoni anakwenda huku na huku, na upanga nao ukawa unazunguka juu ya meza, ukisukuma vikombe. Haroub aliyajua haya tangu utoto. Watoto wa nyumba ile walipocheza mchezo wa kujificha, hakuna aliyetaka kujificha pamoja na Tabia.

"Da Tabia," aliita, "njoo ukae hapa mbele yangu, vyenginevyo sitopima kitu."

"Nna mchele wa kuchagua."

"Njoo nao."

Tabia akaja na ungo wake, akaketi upande wa pili wa meza. Upanga ukamwelekea, ukatulia, na Haroub akaanza kazi.

Alipoitoa ndimu aliona ncha imeliwa na kutu.

"Ndimu inakula chuma, Mama. Wekeni kizibo."

"Tangu uhai wa mama yangu ni ndimu."

"Ndiyo maana imeliwa."

Akapima urefu, akapima uzito. Akaliangalia bapa kwa kioo cha kukuzia, kuanzia juu kushuka chini, polepole, kama mtu anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto. Karibu na kipini aliukuta muhuri wa kiwanda, na pembeni yake kidoti cha shaba, alama ya kwamba upanga ulipindwa na kujaribiwa kabla haujauzwa. Panga za kuigiza, zinazouzwa kwa watalii madukani, huwa na kidoti cha kuchorwa. Hiki kilikuwa kimepachikwa ndani ya chuma chenyewe. Maandishi ya Kiarabu yaliandikwa kwa dawa inayokula chuma, hayakuchongwa kwa tindo, na kingo zake zilikuwa zimelainika kwa umri. Yalisema upanga huu ni zawadi ya serikali kwa yule aliyesimama mlangoni mwa ghala la baruti. Jina halikuandikwa. Bila shaka wakati ule hakuna aliyehitaji kuambiwa.

"Wa kweli," Haroub alisema.

Bi Zeyana akamshukuru Mungu na kujipepea kwa ncha ya mtandio. Angeishia hapo, mambo yangekuwa mepesi. Lakini Haroub ana tabia ya kumaliza kitu alichokianza, tabia ambayo watu humsifia, na akakigeuza kipini.

Kipini kilivishwa ngozi ya samaki taa, ngumu, yenye chembe chembe, ikazungushiwa uzi wa fedha. Ngozi ya taa hailiki upesi. Inataka mkono mmoja na miaka mingi. Anayeshika kwa mkono wa kulia huilainisha upande mmoja, pale linapokaa dole gumba. Hii ilikuwa imelainika upande wa pili. Akaangalia kikingio cha vidole: ukingo uliosuguliwa na nguo haukuwa ule unaosuguliwa siku zote. Akaitungua ala. Chuma cha mwishoni mwa ala, kile kinachogusa ardhi mtu akitembea, kilikuwa kimelika kwa mtu anayevaa upanga ubavuni kulia na kuuchomoa kwa mkono wa kushoto.

"Mwenye upanga huu alikuwa mashoto," Haroub alisema. Alilisema kama daktari anayesoma kipimo cha homa, bila kufikiri nani amekaa chumbani.

"Kwetu hakuna mashoto," Bi Zeyana akajibu papo hapo.

Alijibu na kidevu juu. Katika nyumba ile mkono wa kushoto ni wa kujitahirishia tu, na mtoto aliyekamata kijiko kwa mkono huo alipigwa kibao kabla tonge halijafika mdomoni. Tabia, aliyeletwa humo na mama yake akiwa mdogo, alifungwa mkono wa kushoto kwa nyuma kwa kipande cha kanga, akafanyishwa kazi hivyo hivyo, mpaka mkono wa kulia ukajifunza. Mama yake Bi Zeyana alilifanya hilo kwa mapenzi, na alikuwa akilieleza kwa fahari mbele ya watu.

"Hata mmoja," Bi Zeyana aliendelea. "Si wanaume, si wanawake."

Kisha maneno yake yakamrudia masikioni.

Haroub aliitazama picha ya Sheikh Mudrik, upanga ubavuni kushoto, tayari kuchomolewa kwa kulia kama watu wote wa nyumba ile. Kisha akamtazama Tabia, na hapo hapo akatamani asingemtazama. Tabia alikuwa anatoa mawe kwenye mchele kwa mkono wa kushoto. Aliona anatazamwa. Akauweka mkono ule mapajani, chini ya kanga, akaendelea kuchagua mchele kwa mkono wa kulia.

"Tabia," Bi Zeyana alisema, "nenda kaninunulie udi."

"Udi upo, Bi Zeyana."

"Ninunulie mwengine."

Tabia akaweka ungo chini, akatoka. Bi Zeyana na Haroub walikaa wakiutazama upanga ukizunguka mezani, ukiinama, ukikisukuma kioo cha kukuzia mpaka kikaanguka kwenye zulia. Ncha ilipoelekea kwenye dirisha la njiani, Bi Zeyana alisema, "Keshapita kona," na hapo ndipo alipozungumza.

"Aliitwa Kurwa. Alikuwa askari. Yeye ndiye aliyesimama pale mlangoni. Alipopelekwa bara alimwachia babu upanga, amana, kwa kuwa nyumba yetu ilikuwa ya mawe na yake ya makuti. Hakurudi. Mkewe, bibi yake Tabia, akaja na mtoto mgongoni kuuliza. Babu akamwambia, kaa hapa ufanye kazi, upanga upo. Akakaa. Basi ndiyo hao mpaka huyu."

"Na wewe ukijua, Mama."

"Nnajua tangu nna akili. Mama alinambia ili nisije nikawafukuza watu hawa. Alisema nikiwafukuza, upanga utatoka na ukuta."

Haroub aliokota kioo chake, akakifuta. Bi Zeyana alikuwa akizungusha pete kidoleni.

"Wewe msomi," alisema, "lakini unajua amana ni kitu gani. Hakuna wa kusimama mbele ya watu akasema, sisi tumekula amana ya mtu, halafu akaalikwa tena harusini. Wanangu hawajui. Mimi nilikunyonyesha, Haroub, na sijalisema hilo hata siku moja."

"Hujalisema, Mama."

"Na leo silisemi."

Siku ya pili, alipomaliza kusomesha, Haroub hakwenda nyumbani. Alikwenda Jang'ombe. Alimkuta Tabia ameketi kwenye ngazi ya nyumba yake, anamenya muhogo kwa mkono wa kushoto, haraka, bila kuutazama muhogo. Kwake hutumia mkono anaoutaka. Alimkaribisha, akamwekea kigoda, akamtuma mjukuu wake amletee chai.

"Nimekuja kukwambia jambo," Haroub alisema.

"La Kurwa?"

Haroub akakiweka kikombe chini.

"Kitu kinanielekea kifuani tangu mama kazikwa," Tabia alisema, "halafu nisijue cha nani? Bibi yangu alinambia yote. Hata siku aliyoondoka Kurwa, bibi alijua alivaa nini."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Bi Zeyana anajua. Mama yake alijua. Wewe nilidhani unajua." Akatupa ganda kwenye ndoo. "Ulikuwa ukicheza pale kila siku, Haroub. Ulidhani upanga unanifuata kwa nini?"

Ukweli ni kwamba Haroub hakuwahi kujiuliza. Alijua mihuri ya viwanda vya nchi ambazo hajazikanyaga, na upanga aliokua chini yake hakuwahi kuuliza habari zake, kwa sababu alikuwa anakula vizuri katika nyumba ile na watu walikuwa wanampenda.

"Unautaka?" aliuliza.

"Nitauweka wapi? Vyumba vyenyewe hivi, na wajukuu wanavyoruka. Utanitolea watoto macho." Akaweka kisu chini. "Mie upanga siutaki. Nnachotaka ni kimoja. Ukiandika hiyo karatasi yako, mtaje. Andika kwamba aliyesimama mlangoni ni Kurwa. Basi. Bibi yangu kafa anasubiri jina hilo litajwe na mtu asiyekuwa wa kwetu."

"Nitaandika," Haroub alisema.

Alimaanisha. Hili lazima lisemwe kwa haki yake, kwa sababu hayapo mengi mengine ya kusema kwa haki yake. Alimaliza chai, akaagana, na usiku ule alilala vizuri.

Alianza kuandika ofisini kwake Tunguu. Urefu, uzito, muhuri, kidoti cha shaba, maandishi, vyote vilikaa mahali pake. Aliandika kwamba mwenye upanga alikuwa mashoto na akaeleza kipini na ala. Alipofika penye jina la mwenyewe, simu ikalia.

"Nimekumbuka," Bi Zeyana alisema. "Babu alikuwa mashoto."

"Mama, picha."

"Picha hugeuzwa. Ummukulthum kanambia kompyuta inaigeuza mara moja. Nimemwambia ilipigwa kinyume."

"Juzi ulisema kwenu hakuna."

"Nimesahau. Mimi mtu mzima, nasahau."

Haroub alisubiri. Alisikia feni ya ukumbini Kiponda ikizunguka, na sauti ya vyombo vinaoshwa mbali. Bi Zeyana alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ya mtu anayelia na hataki iwe hivyo.

"Nnaona haya, mwanangu. Usidhani sioni. Nikipita chini ya ule upanga nnainamisha kichwa, na sijainamisha kichwa kwa mtu. Lakini haya ya kujua peke yangu naiweza, nimeizoea. Ya kujulikana siiwezi. Nisitiri."

Neno hilo Haroub alilelewa nalo. Mtu husitiriwa akiwa hai na husitiriwa akifa; kumfunua mtu mzima, tena mama, ni kazi ya wasiolelewa. Alijaribu kutafuta mtu mwengine ambaye naye angestahili kusitiriwa katika jambo lile, na alimpata upesi, yuko Kiponda anaosha vyombo. Lakini Tabia hakupiga simu. Tabia hakulia. Alikwisha ahidiwa, na kwa hivyo alikuwa anangoja kwa adabu.

Haroub aliandika kwamba upanga ulikuwa mali ya Sheikh Mudrik, ofisa wa Sultani, shujaa wa ghala la baruti, aliyekuwa akipigana kwa mkono wa kushoto. Aliona haya wakati anaandika, na aliendelea kuandika. Akatia saini, akapiga muhuri, akakaa akiutazama wino ukikauka. Hakuna aliyemdanganya wala kumlazimisha. Alikuwa na kalamu na alikuwa na jina, na alijua namna ya kuliandika.

Kuutunza upanga Shangani kulikuwa na taabu zake. Ummukulthum aliufunga ndani ya sanduku la kioo kwa vibanio vya chuma, na Tabia alipokwenda Uroa kwenye arusi ya jamaa yake, vibanio vikapinda na kioo kikapata ufa. Akaagiza vibanio vizito zaidi, na safari hii ni meza nzima iliyosogea mpaka ikaziba mlango. Mwishowe fundi wa pikipiki akatengeneza sahani ya duara yenye beringi chini yake, upanga ukawekwa juu yake, na ukawa huru kuzunguka. Ummukulthum alifurahi. Akaandika kibao kidogo: Upanga wa Sheikh Mudrik, unaogeuka.

Siku ya ufunguzi watu walijaa. Jina la Sheikh Mudrik lilikuwa juu ya mlango kwa herufi za shaba. Picha yake ilitundikwa ukutani ikiwa kubwa na imegeuzwa, upanga sasa ubavuni kulia. Saa iliyo nyuma yake nayo ilikuwa imegeuka, namba zinakwenda kinyume, na hakuna aliyetaka kujua wakati. Mzungumzaji alisoma cheti cha Haroub neno kwa neno. Alipofika kwenye mkono wa kushoto alinyanyua wake, akautikisa hewani, na watu wakapiga makofi. Mjomba mmoja wa ukoo huo aliyekuja kutoka Maskati alisimama na kusema kwamba hata yeye, akiwa mdogo, alikuwa na dalili za ushoto, na kwamba hii inaonyesha damu haipotei. Watu wakampigia makofi na yeye. Bi Zeyana aliketi mbele, amevaa buibui jipya, anawapa watu mkono.

Tabia alikuwa pembeni ya chumba anamimina kahawa. Alikuwa amevaa vizuri, kanga mpya. Alikisikiliza cheti kuanzia mwanzo mpaka mwisho na birika katika mkono wa kulia. Jina la Kurwa halikutajwa, na Tabia alingoja kidogo baada ya mzungumzaji kukaa, huenda kuna ukurasa mwengine. Hapakuwa na mwengine. Akaendelea kumimina.

Upanga ulikuwa unamtazama, umetulia, na wageni walianza kunung'unika kwamba haugeuki. Walikuwa wameambiwa unageuka. Ummukulthum, ambaye si mtu mbaya, na ambaye aliambiwa tu kwamba upanga una mazoea na mtumishi wa nyumba ile, alimwendea Tabia akamshika bega kwa upole.

"Bi Tabia, samahani. Ungezunguka nje ya nyumba kidogo tu, wageni wauone."

Tabia akaweka birika juu ya meza. Alimtazama Haroub, aliyekuwa amesimama karibu na sanduku la kioo, na akazungumza kwa sauti ya chini ambayo haikumfikia mtu ila yeye na Bi Zeyana.

"Haroub, kama ni wa babu yao, uambie uache kunifuata."

Bi Zeyana akaitazama pete yake. Haroub alifungua mdomo. Kulikuwa na watu wengi, na cheti kilikuwa bado mkononi mwa mzungumzaji, na ilikuwa bado inawezekana. Tabia alimngojea. Alimpa muda wote aliouhitaji.

"Zunguka mara moja tu, Da Tabia," Haroub alisema.

Tabia akajitanda vizuri, akatoka. Upanga ukaanza kugeuka. Watu wakasema alaa, wakanyanyua simu zao, wakasogea kulizunguka sanduku. Ncha ilipita kwenye dirisha la mwanzo, ikapita kwenye picha, ikapita juu ya vichwa vya watu walioketi, kwa mwendo wa mwanamke mtu mzima asiyekuwa na haraka. Mtu mmoja aliuliza kama kuna mota ndani. Mwengine akasema haya mambo ya wazee. Tabia aliizunguka nyumba yote kama alivyoambiwa, akapita uchochoroni, akaingia kwa mlango wa nyuma, na akasimama hapo kizingitini, maana hakuambiwa aende wapi tena.

Mlango wa nyuma ulikuwa nyuma ya Haroub. Ncha ya upanga ikaja taratibu ikasimama mbele ya kifua chake, yeye akiwa hatua moja kutoka kwenye kioo, na ikabaki hapo. Haroub hakusogea. Alijua ni nani aliyesimama nyuma yake na alijua upanga haumtafuti yeye, na alikaa pale na mikono yake pembeni, akingoja lolote litakalokuja.

"Samahani, mwalimu," alisema mpiga picha. "Sogea kidogo, unaziba."

Haroub akasogea.